Leso ina jina, mchoraji hana

Anayeijua leso anajua kwamba ina viungo vyake. Pembezoni pana pindo lizungukalo pande zote nne. Katikati pana mji. Na chini ya mji pana maandishi ambayo watu wa pwani huyaita jina. Mwanamke wa Malindi aingiapo dukani hatazami rangi peke yake. Hulisoma jina, akapima litamfurahisha nani na litamchoma nani, ndipo anapoulizia bei. Ukiichunguza leso hiyo zaidi, aghalabu utaona kando yake, kwa herufi ndogo, nambari ya mchoro na jina la mfanyabiashara aliyeiagiza. Kitambaa kimoja, basi, kina jina la kusemea na jina la mwenye mali. Lisilokuwamo ni jina la yule aliyeketi akauchora ule mji na lile pindo.

Makala haya yanadai kwamba pengo hilo lina hasara kubwa kuliko linavyoonekana, na kwamba walimu na wanafunzi wa Malindi, Kilifi na vitongoji vyake wana nafasi nzuri ya kuanza kuliziba. Mchoro una mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Wakati mwingine mwenyewe ni mtu mmoja. Wakati mwingine ni ukoo au jamii nzima. Asiyeijua tofauti hiyo atadhulumu bila kukusudia, na aijuaye akanyamaza atadhulumiwa macho yake yakiona.

Tuanze na historia ya leso yenyewe. Neno hili tulilipata kwa Wareno, ambao kwao lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya namna hiyo na kuvishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo pana ya kujifunga na kujitanda. Yapo pia masimulizi ya merikani nyeupe iliyopigwa chapa kwa mkono kwa vibao vya mti vilivyochongwa maua na madoa. Kwa hakika wabunifu wa kwanza wa vazi hili walikuwa wanawake hao, maana ukubwa wake na mtindo wa kuvaliwa kwake ulitoka katika mikono yao na katika uteuzi wao. Hakuna aliyeyaandika majina yao.

Kabla karne hiyo haijakwisha, kazi ya kuchapa ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Viwanda vya Uholanzi, vikiwemo vya Helmond na Leiden, vilichapa nguo kwa ajili ya soko la pwani yetu, kwa kufuata maagizo ya wafanyabiashara waliozijua vyema tamaa za wanunuzi wao. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 lilipata sifa kwa alama yake ya Mali ya Abdulla, na aghalabu ndilo linalotajwa kuwa lilieneza desturi ya kuandika semi za Kiswahili katika leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Mfanyabiashara alitia fedha yake hatarini, akatia na jina lake ili mnunuzi ajue atamlaumu nani rangi ikichuja. Lakini fikiri, ndugu msomaji: kama jina la mwenye duka lilipata nafasi katika kitambaa, nafasi ya jina la mchoraji ilikosekana kwa sababu gani? Haikuwa kwa uhaba wa kitambaa.

Baada ya uhuru tulijaribu kuirudisha kazi hiyo nyumbani. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret, kilichoanza katika miaka ya 1970, kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyofuma na kuchapa nguo nchini. Miaka ya 1990 ilipofungua milango ya soko, mitumba na nguo za bei nafuu kutoka ng'ambo zikaviangusha viwanda vingi, na Rivatex yenyewe ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Leso nyingi tunazojifunga leo huchapwa India, China na Tanzania. Hata hivyo, uchapaji wa mkono haukufa pwani. Katika karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kando ya barabara itokayo Mombasa kuja Kilifi na Malindi, watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza mapambo, vinyago na vitambaa vya kuchapwa kwa mkono. Ujuzi tunao. Tulichokosa ni desturi ya kuutaja mkono uliochora.

Wapo watakaouliza: jina la mchoraji litaongeza nini sufuriani? Swali hili ni la haki, na jibu lake linapatikana kwa watu walio mbali nasi ambao walikutana nalo mapema, nao ni Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kisiwa cha Bathurst, mojawapo ya visiwa viitwavyo Tiwi, kama ilivyo Tiwi yetu ya Kwale, kijana aitwaye Bede Tungutalum alijifunza shuleni kuchonga vibao vya mti vya kupigia chapa. Yeye na mwenzake Giovanni Tipungwuti wakaanzisha karakana iliyokuja kuitwa Tiwi Designs. Kutoka katika vibao walipiga hatua wakachapa vitambaa kwa fremu iliyowambwa wavu mwembamba, rangi ikipenya pale tu mchoro unapoiruhusu. Huko Utopia, katikati ya nchi hiyo kavu, wanawake walianza mwaka 1977 kutia vitambaa nakshi kwa nta na rangi, kwa mtindo wa batiki. Mmoja wao, Emily Kame Kngwarreye, aliyefariki mwaka 1996, alianzia katika nguo hizo kabla ya kuwa mchoraji wa picha anayejulikana ulimwenguni kote. Katika vituo vya sanaa vya watu hao, kitambaa huuzwa kikifuatana na jina la msanii, na mara nyingi na maelezo mafupi ya jambo lililochorwa. Mnunuzi hapati kitambaa tu. Hupata habari za mtu na za mahali pake, na kwa ajili ya habari hizo hukubali kulipa zaidi.

Nafasi hiyo hawakuipata bila mapambano. Mwaka 1994 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilitoa hukumu katika kesi ya Milpurrurru dhidi ya Indofurn. Kampuni moja ya mji wa Perth ilikuwa imeingiza mazulia yaliyotengenezwa Vietnam, yenye michoro ya wasanii 8 wa Kiaborijini, 5 kati yao wakiwa wamekwisha kufariki. Hapana aliyeombwa ruhusa. Tena walimu na walisikie hili: michoro hiyo ilinakiliwa kutoka katika machapisho yaliyokusudiwa kuwaelimisha watu juu ya sanaa ya Waaborijini. Kazi iliyotolewa kwa ajili ya elimu ikageuzwa kuwa bidhaa ya kukanyagwa. Miongoni mwa wasanii hao alikuwamo Banduk Marika, ambaye mchoro wake ulihusu mahali patakatifu pa maji katika nchi ya ukoo wake. Kwa mila zao yeye ndiye ambaye angelaumiwa na wazee kwa kuuachia mchoro upotee, ingawa hakujua lolote. Mahakama iliamuru zaidi ya dola 188,000 za Australia zilipwe na mazulia yaliyobaki yasalimishwe. Fedha hizo zilitolewa kwa jumla, ili wenyewe wagawane kwa kufuata desturi yao.

Miaka minne baadaye ikaja kesi ya John Bulun Bulun, na safari hii kilichogombaniwa kilikuwa kitambaa hasa: nguo iliyochapwa kwa mchoro wake bila idhini. Katika hukumu ya mwaka 1998 jaji alieleza kwamba, ingawa hakimiliki ni ya msanii, msanii huyo ana wajibu kwa ukoo wake wa kuulinda mchoro uliotokana na mila za ukoo. Kwa hiyo katika mchoro mmoja pana haki mbili: ya mkono uliochora, na ya watu waliompa mkono huo cha kuchora.

Haki hizo mbili zinatuhusu sisi wa Kilifi kuliko tunavyodhani. Tunazo sanaa ambazo si za mtu mmoja. Kigango cha Wagiriama, kile kibao cha mti kilichochongwa pembetatu na mistari na kutiwa rangi, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Si pambo. Ni makao ya heshima ya mzee aliyetangulia, na hakiondolewi mahali pake. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Baada ya miaka mingi, kimoja kilipatikana katika makumbusho ya Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, huko Marekani, na picha ile ndiyo iliyosaidia kuthibitisha wenyewe ni nani. Virudi nyumbani mwaka 2007, yule mzee alikuwa amekwisha kufa. Vingi vingine vilitawanyika katika makumbusho na sebule za matajiri ng'ambo.

Ikiwa kibao chenyewe kiliweza kuibwa, je, nakshi zake? Nakshi haihitaji gari wala usiku wa giza. Mtu huinakili kwa kalamu au kwa kamera, akaichapa katika pazia la hoteli, katika mkoba au katika shati la mtalii, na kesho anadai kuwa ni ubunifu wake. Vivyo hivyo kwa majina. Mwaka 2006 kampuni moja nchini Uingereza iliomba kusajili neno kikoi, likiandikwa kwa herufi y mwishoni, liwe alama yake ya biashara. Laiti isingekuwa kelele zilizopigwa Kenya na pingamizi zilizowasilishwa huko huko Uingereza, hata ombi likaachwa mwaka 2008, mfumaji wa kikoi angejikuta hana ruhusa ya kuiita nguo yake kwa jina lake katika soko hilo.

Sheria tunazo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inadai idhini ya jamii itafutwe kabla ya kutumia sanaa zake, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka daftari la maarifa hayo. Kuhusu mchoraji binafsi, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa haki mbili ambazo kila mwanafunzi wa sanaa yampasa kuzijua kabla hajamaliza shule. Ya kwanza ni haki ya kufaidika na kazi yake, ambayo anaweza kuiuza. Tena asipoangalia, akiagizwa kazi bila mkataba unaosema vinginevyo, haki hiyo humwendea aliyeagiza. Ya pili ni haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Hii ya pili haiondoki eti kwa kuwa ya kwanza imeuzwa. Mchoraji aliyelipwa shilingi zake bado ana haki ya kutajwa.

Upo upinzani usiofaa kupuuzwa. Kuna wasemao kwamba leso yenyewe ni tunda la kuazima: jina la Kireno, kitambaa cha kwanza kutoka Marekani, na ule mchoro wa korosho tunaoupenda asili yake ni India. Waliokopa kwa wote watamdai nani? Nawajibu kwamba kuazima hakujawahi kuwa dhambi pwani hii; tungekuwa watu gani bila pepo za kaskazi na kusi? Korosho leo ni ya kila mtu, kwa kuwa imepita katika mikono elfu na hapana mkono mmoja unaoweza kuidai. Lakini mchoro uliobuniwa mwaka jana na kijana wa Mtwapa si korosho. Na nakshi ya kigango, ambayo wazee wa kambi wanaijua maana yake na masharti yake, si korosho pia. Kuazima kwenye heshima huanza kwa kuuliza.

Wengine husema kwamba mafundi wetu wa kale hawakutia sahihi, na kwamba kutaka jina ni majivuno ya kisasa. Hoja hii inasahau jambo moja. Katika kijiji, fundi aliyechonga alijulikana kwa kila mtu. Mwana wa jirani aliweza kukuonyesha nyumba yake. Sahihi haikuhitajika kwa sababu kumbukumbu ya watu ilikuwa sahihi tosha. Kitu kinapopakiwa melini au kinaponunuliwa na mgeni wa Watamu, kumbukumbu hiyo haisafiri nacho. Kinachosafiri ni maandishi peke yake. Kuandika jina, kwa hiyo, ni kuiendeleza desturi ile ile ya kijijini katika soko lisilotujua. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini pete itavikwa vipi ikiwa chanda hakionekani?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Shule zetu nazo hazijatakasika. Ni mara ngapi mchoro wa mwanafunzi hutundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu au huchapwa katika kadi ya sherehe pasipo jina lake? Mtoto hujifunza hapo, bila kuambiwa, kwamba kazi ya mikono haina mwenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliingiza sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi. Baadaye masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa mwisho, na yasiyotahiniwa yakakosa wa kuyafundisha kwa moyo. Mtaala wa umilisi umeyarudishia sanaa heshima yake. Tusiipoteze fursa hii kwa kufundisha namna ya kuchora tu na kuacha suala la nani mwenye mchoro.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Kibao cha mti laini, au hata nusu ya kiazi, hutosha kuchongwa mchoro; kipande cha merikani hutosha kupokea rangi. Mwanafunzi achape, kisha katika upindo aandike jina lake, shule yake na mwaka. Awe na daftari la michoro lenye tarehe, maana siku ya ugomvi daftari hilo litakuwa shahidi asiyebabaika. Mwalimu wa Kiswahili naye asikae kando: jina la leso ni utungo, na utungo una mtunzi. Na pale mwanafunzi anapotamani kuchora jambo la kaya au la mila, afundishwe kwenda kwa wazee kwanza, aeleze anataka kuchora nini na kitauzwa wapi, na aandike ni nani aliyemruhusu. Akiambiwa la, akubali. Somo la kukubali la hiyo lina thamani kuliko alama atakazopata kwa mchoro.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi nayo ina deni. Misitu ya kaya ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, na tunajivunia jambo hilo mbele ya wageni. Daftari linalotakiwa na sheria ya 2016 liwe kitu kinachojulikana na mwalimu wa shule ya Ganze na mzee wa Kaloleni, watu wajue linavyofunguliwa na lililoandikwa ndani yake. Wenye hoteli za Malindi na Watamu wanaonunua vitambaa vya mapazia na sare za wafanyakazi wao waulize swali moja kabla ya kulipa: ni nani aliyechora? Muuzaji akiulizwa mara kumi atakuja na jibu mara ya kumi na moja.

Sitarajii kwamba mwanamke aingiapo dukani kesho ataacha kulisoma jina la leso ili atafute la mchoraji. Leso itaendelea kusema yake, kusifu na kupiga vijembe, na ni vyema iwe hivyo. Ninachokiomba ni nafasi ndogo katika upindo, upana wa vidole viwili, pale ambapo tayari pameandikwa mali ya fulani. Chini yake paandikwe: imechorwa na fulani. Na ikiwa mchoro umetoka kwa jamii, paandikwe ni jamii gani iliyoutoa kwa ridhaa yake. Wino wa maneno hayo hauzidi bei ya leso, na darasa lolote la Kilifi lenye kibao kimoja na kipande cha merikani linaweza kuanza muhula huu.